Mishipa Midogo ya Moyo na Hatima ya Mgonjwa Mwenye Msuli Mnene

Mgonjwa hufika kliniki akilalamika kuwa kifua humbana apandapo ngazi. Hupigwa picha ya mishipa ya moyo, nayo mishipa mikubwa huonekana safi. Huambiwa kwamba moyo wake ni mzima, akarudi nyumbani na maumivu yaleyale. Hitimisho hilo ni la haraka mno.

Ninazungumzia ugonjwa wa kurithi wa kunenepa kwa msuli wa moyo, unaompata takriban mtu 1 kati ya 500. Ukuta wa ventrikali ya kushoto hufikia milimita 15 au zaidi, pasipo shinikizo la damu wala kasoro ya vali inayoweza kueleza unene huo. Chini ya hadubini, kuta za vishipa vidogo ndani ya msuli nazo zimenenepa na njia ya damu imesongwa. Wakati wa mapumziko damu hutosha; moyo uendapo mbio, vishipa hivyo hushindwa kutanuka. Seli hukosa oksijeni, hufa kidogo kidogo, na mahali pake huota kovu. Kovu hilo huweza kuvuruga mapigo na kudhoofisha moyo.

Mwaka 2003 Franco Cecchi na wenzake wa Italia walichapisha matokeo ya wagonjwa 51 waliokuwa na dalili hafifu au wasio nazo kabisa. Baada ya kuwapa dipiridamoli, dawa ya kutanua vishipa, mtiririko wa damu ulikuwa kwa wastani mililita 1.50 kwa dakika kwa kila gramu ya msuli. Kwa watu 12 wa kulinganishwa ulikuwa 2.71. Katika miaka 8 hivi ya ufuatiliaji, wagonjwa 16 walifariki kwa sababu za moyo au walizorota vibaya, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wenye mtiririko mdogo kabisa. Wagonjwa 51 ni wachache, nakiri. Lakini kasoro ilionekana miaka mingi kabla ya madhara.

Kipimo kile hakipatikani katika hospitali nyingi. Ekokadiografia hupatikana kwa urahisi zaidi, na ndugu wa damu wa karibu wa mgonjwa nao wapimwe. Dawa za kupunguza kasi ya moyo huupa msuli muda mrefu zaidi wa kupokea damu, hivyo mgonjwa asiziache ghafla kwa kuwa amepata nafuu. Mhudumu naye ajihadhari na naitreti pale njia ya kutokea damu moyoni inapozibwa na msuli. Na yeyote anayezimia akiwa katika shughuli nzito afikishwe kwa daktari siku hiyohiyo.