KABONI CHOTARA: GHALA JIPYA LA UMEME

Mwenzangu mmoja chamani alinitania eti Kiswahili hakiwezi kufundisha kemia. Leo namjibu kwa penseli.

Ndani ya penseli mna grafiti, yaani kaboni iliyopangika matabaka kwa matabaka. Mwaka 2004, Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walibandua tabaka moja kwa utepe wa gundi tu! Tabaka hilo huitwa grafini. Gramu 1 yake ina eneo la takriban mita 2,630 za mraba, kupita viwanja 6 vya mpira wa vikapu. Sasa, kifaa kiitwacho supakapasita huweka chaji juu ya uso wa kaboni. Uso mpana, ghala kubwa.

Lakini kuna kasoro. Matabaka hayo hugandamana kama kurasa za daftari lililonyeshewa, chaji ikakosa pa kukaa. Dawa yake? Mirija myembamba mno ya kaboni, ambayo Sumio Iijima wa Japani aliieleza mwaka 1991. Wataalamu hukoroga oksidi ya grafini na mirija hiyo majini, huchuja, hukausha, kisha hupasha moto ili kuondoa oksijeni. Mirija hukaa kati ya matabaka kama njiti za ufagio, ikiyatenganisha na kupitisha umeme. Hiyo ndiyo kaboni chotara.

Ghala hili hujaa kwa sekunde chache, ingawa hubeba nishati kidogo kuliko betri ya lithiamu.

Kweli, kidole kimoja hakivunji chawa. Je, mtani wangu, umeelewa? Basi kumbe kemia imefundishika!