Hali Iliyoandikwa na Hali Yenyewe: Kuujaribu Mtambo Unaojiendesha Nyumbani

Huko Mgololo, wilayani Mufindi katika Mkoa wa Iringa, kilijengwa katika miaka ya 1980 kiwanda kikubwa cha karatasi kinachotumia misonobari ya shamba la miti la Sao Hill. Katika utengenezaji wa karatasi wa namna hii, vipande vya mbao hupikwa kwa dawa kali ndani ya chungu cha chuma kilichofungwa, kwa joto linalokaribia nyuzi 170 za Sentigredi. Mpishi wa chungu hicho hawezi kufunua kifuniko akachungulia. Anachokiona ni mishale na tarakimu tu. Kwa hiyo, kila siku hukabiliwa na swali hili: je, tarakimu hizi zinasema kweli?

Swali hilo sasa limeingia majumbani. Kompyuta ndogo yaweza kuwasha taa na kuendesha pampu bila mkono wa mtu. Miongoni mwa programu zinazofanya kazi hiyo ni Home Assistant, iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, na ambayo hutumika bila malipo. Ndani yake mna sehemu ya zana za wasanidi, yaani zana za kuujaribia mtambo. Makala haya yanaeleza matumizi ya zana hizo, pamoja na kosa moja ambalo mwanafunzi hana budi kuliepuka.

Mambo matatu ya kutofautisha

Tuchukue mfano wa nyumba ya mwalimu yenye tangi la maji juu ya mnara na pampu chini yake. Kihisi hupima kiasi cha maji tangini. Kanuni iliyoandikwa katika kompyuta ni hii: maji yakishuka chini ya asilimia 20, pampu iwashwe, yakipita asilimia 90, izimwe.

Hapa pana mambo matatu. La kwanza ni kitu chenyewe, yaani maji yaliyomo tangini na pampu inayozunguka. La pili ni kumbukumbu, yaani yale ambayo kompyuta imeyaandika kuhusu kitu hicho. La tatu ni amri, yaani ishara inayotoka katika kompyuta kwenda kwenye swichi ya pampu. Mtambo ukiwa mzima, mambo haya matatu hupatana. Ukiharibika, hutengana, na fundi asiyeyatofautisha hutafuta kosa mahali lisipokuwapo.

Kurasa tatu za majaribio

Ukurasa wa violezo hukokotoa sharti peke yake. Ukiuliza kama maji ni chini ya asilimia 20, hukujibu ndiyo au siyo, wala hauwashi chochote.

Ukurasa wa vitendo hutoa amri. Ukiagiza pampu iwashwe, ishara huenda kwenye swichi kwa kweli.

Ukurasa wa hali huonyesha kumbukumbu, na pia hukuruhusu kuibadilisha kwa mkono. Hapa ndipo wengi hukosea. Ukiandika kwamba pampu "imewashwa", pampu haiwaki. Umebadilisha maandishi tu. Maandishi hayo hubaki mpaka kifaa kitakapoleta habari mpya.

Hata hivyo, uongo huo wa makusudi una manufaa yake. Ukiandika kwamba tangi lina asilimia 15, ilhali lina 60, kanuni yetu itaamka na kuiwasha pampu bila kumwaga hata ndoo moja ya maji. Lakini angalia sana: habari ni ya uongo, bali amri inayotokana nayo ni ya kweli. Pampu itazunguka, na ikiwa kisima kimekauka, yaweza kuungua.

Jambo jingine ni kwamba kanuni ya namna hii huamka pale tu kipimo kinapovuka mpaka. Ukibadilisha 15 kuwa 14, hakuna kitakachotokea, kwa kuwa kipimo kilikuwa chini ya 20 tangu mwanzo. Andika kwanza 25, kisha 15.

Taa iliyowapotosha mafundi

Tofauti baina ya amri na kitu chenyewe si jambo dogo. Alfajiri ya tarehe 28 Machi 1979, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island huko Marekani, vali moja ilikwama ikiwa wazi. Taa katika chumba cha udhibiti ilionyesha kwamba amri ya kuifunga imetolewa. Haikuonyesha kama vali imefunga. Mafundi wakaamini imefunga. Maji ya kupoza yalivuja kwa zaidi ya saa mbili, na sehemu ya kiini cha tanuri ikayeyuka.

Nyumbani hali ni hiyo hiyo. Swichi nyingi za bei nafuu hupokea amri lakini hazirudishi habari. Kompyuta ikishatuma amri hudhani kwamba imetekelezwa. Dawa yake ni kupima kitu chenyewe: mkondo wa umeme katika waya wa pampu, au maji yanayopita bombani.

Utaratibu wa kufuata

Kwanza, ondoa pampu na uweke taa mahali pake. Kazi hii ya umeme mkubwa ifanywe na fundi aliyehitimu. Pili, hakiki sharti katika ukurasa wa violezo. Tatu, toa amri katika ukurasa wa vitendo, kisha nenda ukaitazame taa kwa macho. Nne, andika hali ya uongo na uone kama kanuni inaamka. Tano, rudisha pampu, fungua bomba, na uache maji yenyewe yashuke. Jaribio hili la mwisho ndilo pekee linalopima mtambo mzima, kuanzia kihisi hadi pampu.

Mazoezi

1. Kompyuta inaonyesha pampu imewashwa, lakini tangi halijai. Taja sababu tatu zinazowezekana, na ueleze jinsi ya kuichunguza kila moja.

2. Kwa nini mpaka wa kuwasha (20) haukufanywa sawa na ule wa kuzima (90)? Eleza yatakayoipata pampu ikiwa mipaka yote miwili itakuwa 50.

3. Kihisi kimekatika waya, na kumbukumbu imebaki kwenye asilimia 60. Buni kanuni itakayomwarifu mwenye nyumba kabla maji hayajamwishia.