Sola ya Kulipa Kidogo Kidogo: Ni Mauzo au Ni Ijara?



Katika darsa za fiqhi ya muamalati tunasoma mauzo ya ngano, tende na ngamia. Kisha tunarudi nyumbani Nyundo na kukuta paneli juu ya bati, kiboksi cha betri ukutani, na mzee anayeuliza: "Mwanangu, wewe unasoma dini. Hii tunayolipa kila mwezi kwa simu ni halali?" Swali ni la haki, na halijibiwi kwa neno moja.

Wanavyuoni wametufunza kwamba kukihukumu kitu kunatokana na kukielewa, kwa hiyo tuanze na kifaa chenyewe. Tarafa ya Nyundo haiko mbali na umeme. Mto Sebeya una mitambo midogo ya maji ya Gihira na Gisenyi, na upande wa Karongi mtambo wa KivuWatt, uliozinduliwa mwaka 2016, huzalisha megawati 26 kutokana na gesi ya methani iliyo ndani ya Ziwa Kivu. Lakini nguzo hazifiki kila kilima, na nyumba iliyo mbali na nguzo hubaki na kibatari au hununua sola. Bei ya sola kwa mkupuo ni kubwa kwa mkulima wa viazi, ndiyo maana ukaja mtindo wa kulipa kidogo kidogo kwa simu. Kampuni ya M-KOPA ya Kenya ilianza kuuza kwa mtindo huu mwaka 2012, na leo umeenea Rwanda, Uganda na Tanzania. Unatanguliza kiasi fulani, unapewa kifaa, kisha unalipa kwa siku, wiki au mwezi. Usipolipa, kifaa kinajifunga mpaka utume pesa.

Hapa kuna hesabu ambayo muuzaji anapaswa kuieleza na mara nyingi hailezwi. Paneli ya wati 50 ikipata saa nne za jua zuri hutoa wati-saa 200. Toa kama asilimia 30 inayopotea njiani na kwenye betri, unabaki na takriban 140. Taa tatu za wati 3 kwa saa tano zinakula 45. Simu tatu zinakula kama 30. Redio ya wati 5 kwa saa nne inakula 20. Jumla 95, nyumba iko salama. Ongeza televisheni ndogo ya wati 15 kwa saa nne, yaani 60, na umefika 155. Betri haitajaa tena. Na hiyo ni siku ya jua. Wiki za mvua za Aprili, ukungu ukilala juu ya Nyundo tangu asubuhi, hesabu hupungua hata nusu. Betri ya zamani ya asidi ikimalizwa hadi chini kila usiku hufa mapema, ilhali ile ya lithiamu huvumilia zaidi. Anayeuza "sola ya televisheni" bila kusema haya anauza kwa gharari, na Mtume (s.a.w.) amekataza mauzo ya gharari katika hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Abu Huraira. Akijua kuwa betri imechoka na akanyamaza, huo ni ghushi, na mnunuzi ana khiyari ya kurudisha kwa sababu ya aibu.

Sasa bei. Tuseme sola ni faranga 180,000 taslimu, na ukilipa 7,500 kwa miezi 36 inafika 270,000. Je, hizo 90,000 za ziada ni riba? Jamhuri ya wanavyuoni wa madhehebu manne wanaruhusu bei ya mkopo kuzidi ya taslimu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha sita kilichofanyika Jeddah mwaka 1990, azimio namba 51, lilipitisha hivyo hivyo. Kulipa kwa mafungu si jambo geni: Barira (r.a.) alijinunua kutoka utumwani kwa uqiya tisa, moja kila mwaka, na hadithi yake imo katika Bukhari. Sharti ni kwamba mnakubaliana bei moja kabla ya kuachana. Kuambiwa "taslimu hivi, mkopo vile" na mkaondoka bila kuchagua, hapo ndipo wengi walipoifasiri hadithi ya kukatazwa mauzo mawili katika uuzaji mmoja. Baraza pia limekataza kuandika faida peke yake ndani ya mkataba, ikifungamanishwa na muda. Na bei ikishathibiti kuwa 270,000, hairuhusiwi kuongezwa hata faranga moja kwa kuchelewa. Faini ya kuchelewa anayoichukua muuzaji ni riba, hata ikipewa jina la "gharama ya huduma".

Vipi kuhusu kufunga kifaa kwa mbali? Hapa ndipo unapohitaji kujua mkataba wako ni upi. Ikiwa ni mauzo, umiliki ni wako tangu siku ya kwanza. Azimio hilo hilo linasema muuzaji hana haki ya kuubakiza umiliki baada ya kuuza, ingawa anaweza kushurutisha kifaa kiwe rehani. Kwa hiyo kufunga kunahitaji sharti lililoandikwa na kukubaliwa. Ikiwa ni ijara inayoishia katika umiliki, unalipia manfaa, na kufungiwa ni jambo linaloeleweka. Lakini basi siku ambazo kimefungwa zisidaiwe kodi, kwani hukupata manfaa yoyote. Kampuni inayofunga kama mkodishaji na kudai kama muuzaji inakula pande mbili, na kwa maoni yangu huo ndio ugonjwa mkubwa wa mikataba hii.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 Sebeya ilivunja kingo zake, mafuriko na maporomoko yakaua watu zaidi ya 130 nchini, na Rubavu iliumia sana. Chukua nyumba ya kando ya mto iliyosombwa na sola yake, ikiwa imebakiza mafungu 20. Nani anabeba hasara?

Kama ni mauzo, dhamana ilihamia kwa mnunuzi alipokipokea kifaa, na deni linabaki shingoni mwake. Kama ni ijara, kifaa ni mali ya mkodishaji. Azimio namba 110 la Baraza hilo, lililopitishwa Riyadh mwaka 2000, linaweka dhamana juu ya mwenye mali maadamu mpangaji hakufanya uzembe, na matengenezo yasiyo ya matumizi ya kila siku ni juu yake pia. Mafungu 20 yanaanguka. Karatasi mbili zenye malipo sawa, na mjane mmoja ana deni la faranga 150,000 kwa taa iliyozama, mwingine hana.

Wengine hutaja hadithi ya Jabir katika Muslim kuhusu kusamehe majanga. Hiyo ni juu ya matunda yaliyouzwa yakiwa mtini. Imam Malik aliiwajibisha hasara ikifika theluthi, na Imam Shafi katika kauli yake mpya aliihesabu kuwa sunna tu. Kuikia sola juu yake ni kazi ngumu. Iliyo karibu zaidi ni hadithi ya Abu Said katika Muslim: mtu alipatwa na janga katika matunda aliyoyanunua, madeni yakamlemea, Mtume (s.a.w.) akawaamuru watu wamtolee sadaka. Isipotosha, wadai wakaambiwa wachukue kilichopo, hawana zaidi. Na Aya ya 280 ya Suratul Baqara inampa mwenye dhiki muda hadi apate wepesi. Aliyesombewa nyumba anaingia pia katika fungu la wenye madeni katika zaka, jambo ambalo kamati za misikiti yetu zinaweza kulifanyia kazi bila kusubiri kampuni.

Kwa hiyo mzee, kabla ya kuweka kidole gumba kwenye karatasi, mwite kijana anayesoma Kifaransa au Kiingereza, ikiwa mkataba umeandikwa kwa lugha hizo, amtafute muuzaji na amuulize: kifaa ni changu leo au siku ya fungu la mwisho? Nikichelewa nalipa zaidi? Siku zilizofungwa nadaiwa? Kikiungua au kikisombwa, ni juu ya nani? Betri ina dhamana ya miaka mingapi? Majibu yaandikwe, kama Aya ya 282 inavyoamuru katika madeni. Wenye mikataba tayari wailete msikitini baada ya sala ya Ijumaa, tuisome pamoja na masheikh, mmoja mmoja.

Wallahu aalam.