Blanketi la Vipande

Katika mkoa wa Njombe, miezi ya Juni na Julai ni ya baridi kali. Asubuhi watu huota moto kabla ya kwenda shambani. Nyumba yenye watoto wanne huhitaji mablanketi, na blanketi ni ghali. Lakini nenda kwa fundi cherehani, ukatazame chini ya meza yake. Utaona vipande vya vitenge, vya khanga na vya sare za shule. Mara nyingi fundi huvifagia na kuvitupa, au mtu huvichukua akawashie moto.

Vipande hivyo vinaweza kuwa blanketi. Katika somo hili tutajifunza namna ya kuanza kazi hiyo. Nasema kuanza, kwa sababu wengi huharibu mwanzoni. Mimi mwalimu wenu nilikuwa mmoja wao.

Kuchagua na kufua

Tafuta vipande vya pamba. Usichanganye pamba na nailoni. Je, utavijuaje? Chomoa nyuzi chache katika kitambaa, uzishike kwa koleo ndogo, uziwashe kwa kiberiti. Fanya hivyo nje, mbali na watoto. Nyuzi za pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Nyuzi za nailoni huyeyuka, kisha hugeuka tone gumu. Fikiri juu ya mtoto anayelala karibu na moto. Cheche ikiangukia nailoni, kitambaa huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Kwa hiyo nailoni tuiweke kando, hata kama rangi yake inapendeza.

Fua vipande vyote kabla ya kukata. Kitambaa kipya cha pamba hupungua kikifuliwa. Tena vitambaa vyekundu na vya bluu iliyokolea huweza kuchuja rangi. Loweka kila rangi peke yake mpaka maji yabaki meupe.

Kupima

Anza na blanketi dogo la mtoto. Tunataka upana wa sentimita 90 na urefu wa sentimita 120. Tutatumia vipande vya mraba. Kila mraba, ukisha kushonwa, uwe na sentimita 15 kila upande. Basi tunahitaji miraba 6 kwa upana na miraba 8 kwa urefu. Mara 6 kwa 8 ni 48.

Sasa sikiliza vizuri. Usikate kipande cha sentimita 15. Kata cha sentimita 17. Sindano hula sentimita 1 kila upande, na pande ni mbili. Chora mraba wa sentimita 17 juu ya kadibodi ya boksi, uukate, uutumie kama kipimo chako kwa vipande vyote.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ya bibi mmoja wa darasa letu. Bibi huyo alikuwa akimlea mjukuu wake. Mama wa mtoto alikwisha kufariki, akaacha khanga mbili. Bibi alizileta darasani zimekunjwa vizuri. Alisema, "Mwalimu, nataka mtoto ajifunike nguo ya mama yake."

Nilimwambia akate vipande vya sentimita 15. Nilisahau mshono. Tulikata khanga zote mbili, tukachanganya na vipande vya fundi, tukashona kwa majuma mawili. Tulipolitandaza, blanketi lilikuwa dogo. Kila mraba ulikuwa umebaki na sentimita 13. Nilipima mara mbili, nikaona haya. Khanga ya marehemu hainunuliwi dukani.

Bibi hakunigombeza. Alivuta daftari lake, akachukua penseli. Alikuwa amejifunza hesabu za kutoa muda mfupi tu. Aliandika polepole, huku akitaja tarakimu kwa sauti:

90 – 78 = 12
120 – 104 = 16

Kisha akasema, "Upana umepungua 12. Tuongeze 6 huku na 6 huku. Urefu umepungua 16. Tuongeze 8 juu na 8 chini." Darasa zima likakaa kimya. Tulikata mikanda ya kitenge cheusi. Mikanda ya pembeni tuliikata upana wa sentimita 8, ya juu na chini sentimita 10. Safari hii hatukusahau mshono. Ukanda ule mweusi umelizunguka blanketi kama fremu ya picha, na wengi hudhani tulikusudia hivyo.

Kuunganisha

Shona miraba kwa safu kwanza, kisha unganisha safu na safu. Piga pasi kila mshono. Chini tandaza khanga kuukuu iwe bitana. Khanga moja ina upana wa karibu sentimita 110 na urefu wa karibu 150, kwa hiyo inatosha na ziada ya kukunja pindo. Juu yake weka kipande cha blanketi lililochakaa. Mwisho weka miraba yako.

Piga bandi kutoka katikati kwenda pembeni, ili mikunjo itoke. Ukianzia pembeni, mikunjo itajikusanya katikati nawe utafumua. Kisha shona kwa mkono kupita matabaka yote matatu, mstari kwa mstari, ukiacha nafasi ya upana wa kiganja. Vaa subana, yaani kikofia cha kidole. Bila subana kidole kitatoboka.

Je, vipande visivyofika sentimita 17 tuvitupe? Hapana. Nchini India, katika jimbo la Karnataka, wapo watu waitwao Siddi ambao asili yao ni Afrika. Wanawake wao hushona mablanketi ya nguo kuukuu bila kukata miraba inayolingana. Huanzia kwenye kona ya bitana, wakapachika kipande juu ya kipande kwa kuzunguka, mpaka wakutane katikati. Sisi tumejaribu namna hiyo kwa mto wa kulalia. Ni ya polepole, lakini haibakizi kitu.

Maswali

1. Kwa nini tunakata sentimita 17 na siyo 15?
2. Blanketi la mtu mzima lina miraba 10 kwa upana na 12 kwa urefu. Utahitaji miraba mingapi? Upana na urefu wake utakuwa sentimita ngapi?
3. Andika majina ya mafundi cherehani wa kijiji chako. Nani atakwenda kwao kuomba vipande, na siku gani?