Gundi ya Seli na Safari ya Kansa ya Matiti

Alasiri moja, nikiwa likizoni huko Sumbawanga, mwalimu mmoja wa biolojia aliniomba nizungumze na wanafunzi wake wa kidato cha 4 juu ya seli. Nilipomaliza, msichana aliyeketi nyuma alisimama na kuuliza swali ambalo halikuwamo katika muhtasari wa somo: "Mwalimu, bibi yangu kule bondeni Rukwa ana uvimbe katika titi. Hauumi. Ameambiwa kikatwe kipande kikapimwe, lakini jamaa wanasema kansa ikiguswa na kisu hutawanyika mwilini. Je, ni kweli?" Nilimjibu kwa kifupi, maana kengele ilikuwa imekwisha lia. Jibu refu ndilo hili.

Titi limejengwa kwa vifuko vidogo vitoavyo maziwa na vifereji viyapelekavyo kwenye chuchu. Kuta za vifuko na vifereji hivyo ni seli zilizopangwa bega kwa bega. Ni nini kizizuiacho zisiachane? Katika miaka ya 1970 mwanasayansi Mjapani, Masatoshi Takeichi, alionyesha kwamba seli za wanyama zina namna ya kushikamana ambayo huhitaji kalsiamu. Zikinyimwa madini hayo, huachana. Mwaka 1984 protini ifanyayo kazi hiyo aliipa jina la kadherini. Sehemu moja ya kadherini hutokeza nje ya utando wa seli na kushikana na kadherini ya seli jirani. Sehemu ya pili iko ndani, nayo hufungwa kwenye nyuzi ziipazo seli umbo lake. Kalsiamu huikaza ile sehemu ya nje isilegee. Kadherini ya kuta za titi huitwa kadherini-E.

Walimu wa Ufipa wanaweza kuonyesha jambo lililo karibu na hili bila gharama kubwa. Sumbawanga iko kwenye kimo cha mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka yafikapo nyuzi 94 tu za Selsiasi. Maharage huchelewa kuiva, na mpishi atiaye magadi kidogo huokoa kuni nyingi. Pikeni maharage ya aina moja katika vyungu viwili, kimoja chenye magadi na kingine kisicho nayo, kwa muda ule ule. Pondeni kidogo, tieni tone la iodini, kisha tazameni kwa hadubini. Katika maharage ya magadi mtaona seli nyingi zilizoachana, kila moja ikiwa nzima na wanga wake uliogeuka kuwa buluu nyeusi. Seli za mimea hushikamanishwa na pektini, wala si kadherini. Lakini pektini nayo hukazwa na kalsiamu, na magadi huiondoa kalsiamu hiyo mahali pake. Magadi huilainisha pia pektini yenyewe, kwa hiyo mfano huu usivutwe mbali mno.

Sasa turudi kwenye titi. Kuna aina ya kansa inayofanana na seli za vifuko, ambayo ni kama kesi 10 hadi 15 katika kila 100 za kansa ya matiti. Aghalabu katika aina hii jeni itengenezayo kadherini-E huwa imeharibika. Seli hazishikani tena. Hupenya katikati ya nyama ya titi moja moja, kama sisimizi njiani. Kwa sababu hiyo mara nyingi mgonjwa hapapasi kinundu cha mviringo, bali huona titi limekuwa zito au gumu upande mmoja, au ngozi imevutwa ndani. Hata picha ya eksirei yaweza kuikosa. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa wengi hufundishwa kutafuta kinundu peke yake.

Kwa miaka mingi sisi wahadhiri tulifundisha kwamba kadherini ikipotea, kansa husambaa, basi. Mambo hayakuwa mepesi hivyo. Aina iliyo ya kawaida zaidi, ile ya vifereji, mara nyingi huendelea kuwa na kadherini-E, na bado husambaa. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walionyesha katika panya kwamba seli za kansa zisafirizo katika damu zikiwa zimeshikana kwa vikundi zina uwezo wa kuanzisha uvimbe mpya zaidi ya mara 20 kuliko seli iliyo peke yake. Mwaka 2019 wengine wakaonyesha kwamba seli za kansa ya vifereji zilizonyang'anywa kadherini-E hupenya zaidi katika nyama, lakini nyingi hufa njiani. Yaani gundi ile ile inayoizuia seli isiondoke ndiyo inayoilinda ikiwa safarini.

Na safari hiyo ni ngumu. Seli hujishikiza kwenye nyuzi za nyama kwa protini ziitwazo integrini, hujivuta, hutoboa mshipa wa damu au wa limfu, kisha husombwa. Isaiah Fidler alipodunga seli za kansa katika damu ya panya, mwaka 1970, aliona kwamba baada ya siku moja hata seli moja katika kila elfu haikuwa hai. Zilizobaki hazioti popote tu. Daktari Stephen Paget wa London, mwaka 1889, alichunguza kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa kansa ya matiti, akasema seli ni mbegu na kiungo ni udongo. Mkulima wa Kifipa, afukiaye nyasi chini ya matuta ili ardhi ipate rutuba, hahitaji kufafanuliwa zaidi. Udongo uzipendezao mbegu hizi ni mifupa, ini, mapafu na ubongo.

Je, kisu? Seli hutangulia kuondoka zenyewe, siku zote uvimbe unapoachwa ukue. Wanawake wengi waliochukuliwa kipande kwa sindano wamefuatiliwa kwa miaka mingi, wala haikuonekana kwamba sindano iliwafupishia maisha. Lakini naelewa imani ile ilikotoka. Tathmini iliyotolewa mwaka 2017 ilionyesha kwamba wagonjwa wapatao 8 kati ya 10 nchini hugunduliwa wakati kansa imekwisha fika hatua ya tatu au ya nne. Mtu apasuliwaye wakati huo mbegu zimekwisha tawanyika; akifariki, jamaa hukumbuka kisu, hawaikumbuki miaka miwili ya kungoja. Tena kutoka Sumbawanga hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 1,000, na uvimbe usiouma hauonekani kuwa sababu ya kutosha ya kuuza mahindi na kupanda basi.

Mwalimu wa yule msichana ameniandikia kwamba bibi alikubali kupelekwa Mbeya. Kipande kimechukuliwa. Ninapoandika haya, majibu hayajatoka.