Kupima Diski ya Bei Nafuu Kabla ya Kuiamini

Katika shule nyingi za sekondari zimo kompyuta zilizotumika miaka kumi na zaidi. Zikiwashwa asubuhi, mwalimu huweza kumaliza kuita majina ya darasa zima kabla mashine hazijawa tayari kwa kazi. Husemwa kwamba kompyuta hizo zimezeeka na hapana budi kuzitupa. Kumbe mara nyingi prosesa bado inaweza kazi. Kinachochelewesha ni ghala la habari, yaani diski ya kuzunguka. Diski hiyo yaweza kuondolewa na mahali pake ikawekwa diski isiyo na kitu kinachozunguka, ambayo madukani huitwa SSD.

Diski za namna hii zauzwa kwa bei za kila aina, na shule yenye fedha kidogo huvutwa na zile za chini. Je, diski ya bei nafuu yafaa? Swali hili lina sehemu mbili zisizopaswa kuchanganywa: je, itaongeza kasi, na je, itatunza kinachowekwa ndani yake? Sehemu ya kwanza hujibiwa kwa hesabu, na sehemu ya pili kwa jaribio.

Kwa nini diski ya kuzunguka huchelewa

Kampuni ya IBM ilipotoa mashine ya RAMAC mwaka 1956, diski yake ilikuwa na sahani 50 na iliweza kuhifadhi herufi milioni 5. Diski za kuzunguka za leo ni ndogo sana kwa umbo na kubwa sana kwa ujazo, lakini kanuni ni ile ile: sahani yenye sumaku huzunguka, na mkono wenye kichwa cha kusoma husogea hadi mahali panapotakiwa.

Diski nyingi za kompyuta za mkononi huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Mzunguko mmoja basi huchukua milisekunde 11.1. Kwa wastani kichwa hungoja nusu ya mzunguko, ambayo ni milisekunde 5.6. Mkono ukichukua milisekunde 12 kusogea, kila safari moja hugharimu milisekunde 17.6. Kompyuta inapowaka husoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika. Ikiwa vipande hivyo ni 10,000, safari zake zitachukua sekunde 176, karibu dakika tatu nzima. Diski isiyozunguka hufikia kipande kimoja kwa muda wa milisekunde 0.1 hivi, vipande 10,000 kwa sekunde moja tu.

Hapa lipo jambo la kuangaliwa sana. Faida hii haitokani na ubora wa diski ya bei kubwa. Yatokana na kuondolewa kwa mzunguko na mkono, na hata diski nafuu imeviondoa. Zaidi ya hayo, kompyuta nyingi za zamani zina njia ya SATA ya kizazi cha pili, ambayo hupitisha biti bilioni 3 kwa sekunde. Kwa kuwa kila baiti husafirishwa kwa biti 10, kikomo chake ni megabaiti 300 kwa sekunde. Diski yenye uwezo wa megabaiti 550 haitapita hapo.

Jinsi chaji inavyotunza habari

Mwaka 1967 Dawon Kahng na Simon Sze, wa maabara ya Bell nchini Marekani, walieleza transista inayoweza kufungia elektroni ndani ya kisehemu kilichozungukwa na kihami. Katika miaka ya 1980 Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba, Japani, alijenga juu ya msingi huo kumbukumbu ya flashi. Chaji iliyofungiwa hubaki hata umeme ukizimwa.

Seli moja yaweza kulinganishwa na bilauri ya maji. Ikitakiwa kutunza biti moja, yatosha kutofautisha bilauri tupu na iliyojaa: viwango 2. Biti mbili zahitaji viwango 4, biti tatu viwango 8, na biti nne viwango 16. Kadiri viwango vinavyoongezeka ndivyo seli chache zinavyobeba habari nyingi, na bei hushuka. Lakini nafasi kati ya kiwango na kiwango hupungua, uandishi huwa wa polepole, na seli huchoka mapema zaidi.

Watengenezaji huficha upole huo kwa kutenga sehemu ya seli ziandikwe haraka, biti moja moja, ndipo habari ihamishwe baadaye. Ni kama duka ambalo mizigo huteremshwa barazani upesi, kisha hupangwa rafuni taratibu. Baraza likijaa, lori linalofuata halina budi kungoja. Kwa hiyo jaribio la dakika moja hupima baraza tu, halipimi duka.

Kusoma maandishi ya kisanduku

Kwa mfano, diski ya Kingston A400 ya gigabaiti 240 hutangazwa kusoma hadi megabaiti 500 na kuandika hadi megabaiti 350 kwa sekunde, na kustahimili uandishi wa terabaiti 80. Neno "hadi" lisipuuzwe. Ni kilele, wala si wastani.

Terabaiti 80 ni gigabaiti 80,000. Kompyuta inayoandika gigabaiti 20 kila siku itafikia kiasi hicho baada ya siku 4,000, karibu miaka 11. Kwa kazi za shule, basi, uchakavu wa kuandika si hofu ya kwanza.

Mwanafunzi asishtuke pia Windows ikionyesha 223 badala ya 240. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti kuwa baiti 1,000,000,000, lakini Windows hugawa kwa 1,073,741,824. Huo si wizi. Wizi wa kweli ni diski bandia, ambazo kidhibiti chake kimepangwa kutangaza ujazo usiokuwapo. Diski hiyo hupokea kila kitu bila kulalamika, kisha huandika habari mpya juu ya zile za kwanza.

Jaribio

1. Soma kumbukumbu za diski yenyewe kwa programu ya CrystalDiskInfo katika Windows, au smartctl katika Linux. Diski mpya isionyeshe mamia ya saa za kazi.

2. Ijaze diski tupu yote kwa programu ya H2testw katika Windows, au F3 katika Linux. Programu hizi huandika hadi mwisho wa nafasi, kisha husoma na kulinganisha. Kosa hata moja latosha kuirudisha diski dukani. Jaribio hili hutumia gigabaiti 240 kati ya 80,000, yaani asilimia 0.3 tu ya uhai wake.

3. Wakati wa kujaza, andika kasi kila baada ya dakika moja na uchore grafu. Mahali kasi inaposhuka ghafla ndipo baraza lilipojaa.

4. Pima muda wa kuwaka kwa diski ya zamani na kwa mpya, mara tatu kila moja, kisha utafute wastani. Diski mpya iwe na nakala kamili ya ile ya zamani. Ikiwekewa mfumo mpya mtupu, vitu viwili vitakuwa vimebadilika kwa pamoja, na haitajulikana kipi kilicholeta kasi.

Hukumu

Diski ikishuka kasi baada ya kuandikiwa sana, lakini ikarudisha kila baiti ilivyopokea, yafaa kwa darasa la kompyuta, ambako kazi kubwa ni kusoma. Diski yenye kasi ya ajabu lakini yenye kosa moja haifai popote.

Hata iliyofaulu isiaminiwe peke yake. Umeme ukikatika katikati ya uandishi, diski nafuu aghalabu haina akiba ya chaji ya kumalizia kazi. Kompyuta ya mezani ipewe betri ya akiba. Wala diski hizi si kabati la miaka mingi, kwa kuwa chaji huvuja polepole zikikaa bila umeme. Alama za mitihani ziwe na nakala mahali pengine, kwa maana diski hununuliwa tena, lakini alama za mwaka mzima hazina duka.

Maswali

1. Diski huzunguka mara 7,200 kwa dakika. Kichwa hungoja milisekunde ngapi kwa wastani?
2. Diski ya kustahimili terabaiti 160 huandikiwa gigabaiti 30 kila siku. Itafikia kikomo baada ya miaka mingapi?
3. Windows itaonyesha ujazo gani kwa diski ya gigabaiti 512?
4. Eleza kwa nini kujaza diski bila kuisoma tena hakuwezi kufichua diski bandia.