Kuujenga Mwalo wa Rumonge Ndani ya Ulimwengu Pepe

Maswali haya yanatoka kwa wasanii na wapiga picha za video wa mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, ukiwemo mji wa Rumonge. Wengi wao hawajawahi kuvaa miwani ya uhalisia pepe, lakini wanataka kujua kama kazi ya aina hiyo inaweza kuanzia kwao. Mtaalamu wetu anajibu.

Mimi ni mchoraji. Huo ulimwengu pepe una nafasi gani kwa msanii? Mbona naona ni michezo ya vijana tu?

Ulimwengu pepe ni mahali palipojengwa kwa kompyuta, ambapo watu huingia wakiwa sehemu mbalimbali, wakaonana na kuzungumza, kila mmoja akiwa na umbo lake liitwalo avata. Ulimwengu mmoja wa aina hiyo, Second Life, ulifunguliwa mwaka 2003 na upo mpaka leo. VRChat ni wa baadaye. Wachezaji wamejaa humo, lakini wasanii waliingia mapema. Cao Fei wa China alitengeneza filamu yake i.Mirror ndani ya Second Life mwaka 2007, kisha akajenga humo mji mzima alioupa jina RMB City. Mwaka 2022 tamasha la Sundance lilionyesha We Met in Virtual Reality ya Joe Hunting, filamu ya maisha halisi ya watu iliyopigwa yote ndani ya VRChat.

Kwa mchoraji, tofauti ni kwamba picha yako inakuwa chumba. Mtazamaji anaingia, anageuka, anainama chini ya meza kuona ulichokificha. Sanaa ya kusimika, ile inayochukua ukumbi mzima badala ya kuning'inia ukutani, inadai mbao, vyuma, usafiri na kodi ya ukumbi. Humu unaijenga kwa muda wako na umeme wako.

Je, kuna mtu wa huku kwetu aliyefanya kazi hizi, au tunaongelea Ulaya na Marekani?

Wapo. Mwaka 2017 shirika la Electric South la Afrika Kusini, pamoja na Goethe-Institut, lilitoa kazi nne za uhalisia pepe za wasanii wa Kiafrika, na mbili zilitoka Kenya. Nairobi Berries ya Ng'endo Mukii ni kama shairi la jiji. Let This Be a Warning ya The Nest Collective inakupeleka kwenye sayari ya mbali walikohamia Waafrika baada ya kuichoka dunia, na wewe uliyevaa miwani ndiye mgeni asiyetakiwa. Hapo ndipo ninapoona ufundi wa kweli: kazi ile isingekuwa na nguvu hiyo kwenye skrini ya kawaida, kwa sababu hukumu inamwangukia mtazamaji mwenyewe.

Hizo ni filamu za nyuzi 360: unageuza kichwa, hutembei. Kwa upande wa kujenga mahali, African Digital Heritage, shirika lililoanzishwa na Chao Tayiana Maina, likishirikiana na Museum of British Colonialism, lilijenga upya kwa pande tatu kambi ambamo Waingereza waliwafungia Wakenya wakati wa vita vya Mau Mau. Baadhi ya kambi hizo leo ni shule. Wajenzi walikwenda kwenye viwanja vyenyewe, wakapekua nyaraka, wakawasikiliza walionusurika. Mtu wa Rumonge ana mengi zaidi ya kujifunza hapo kuliko kwenye tangazo lolote la kampuni ya miwani.

Mwalimu, mimi napiga video za harusi hapa Rumonge. Maji ya ziwa yamepanda miaka hii, nyumba za majirani wetu zimekwenda. Naweza kuujenga mtaa ule kama ulivyokuwa?

Pole sana wewe na jirani zako. Unaweza, na kama ningetakiwa kuchagua kazi moja tu ya ulimwengu pepe kwa mwambao huu, ningechagua hiyo.

Gawa kazi mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vitu ambavyo bado vipo: mtumbwi uliopinduliwa, karabai, vichanja vya kuanikia dagaa, mapipa ya mawese, ukuta uliobaki umesimama. Hivi unavipiga picha kwa simu. Zunguka kitu chote polepole, kwanza kwa urefu wa goti, kisha wa kifua, kisha juu ya kichwa, kila picha ikirudia zaidi ya nusu ya kile kilichomo kwenye picha iliyotangulia. Mtumbwi mmoja utakula picha mia moja au zaidi. Programu kama Meshroom, ambayo ni ya bure, inalinganisha alama zinazojirudia na kutoa umbo kamili. Fanya kazi siku ya mawingu. Jua la mchana linapiga vivuli vikali ambavyo vitagandia kwenye umbo na ni vigumu kuvifuta. Usijaribu kulipiga ziwa lenyewe kwa njia hii. Maji yanatembea na kung'aa, programu haioni alama ya kushika, na utapata matundu tu. Maji huchorwa kando, kwenye Blender, programu ya kuchora kwa pande tatu.

Fungu la pili ni vilivyokwisha kwenda. Hapa hakuna cha kupiga picha, kwa hiyo unarudi kwa watu. Wewe una hazina ambayo wasanii wengi hawana: kanda zako za harusi. Nyuma ya bibi harusi kuna mlango, rangi ya ukuta, mwembe, uzio. Kaa na wenye nyumba, wazitazame kanda hizo, wakuambie hatua ngapi kutoka mlangoni hadi jikoni. Jenga kwa vipimo hivyo. Pale ambapo hakuna anayekumbuka, paache patupu au paweke rangi moja ya kijivu, ili mtazamaji ajue kwamba hapo hatuna ushahidi. Ukijaza kwa kubuni, baada ya miaka kumi watoto watadhani ndivyo palivyokuwa. Na omba ruhusa ya kila mwenye nyumba kabla ya kuonyesha popote. Nyumba iliyobomoka ina aibu na machungu yake.

Halafu sauti. Rekodi mwalo alfajiri boti zinaporudi: injini, adhana, akina mama wakipatana bei ya samaki aina ya mukeke kwa Kirundi na Kiswahili katika sentensi moja. Umbo likiwa hafifu na sauti ikiwa ya kweli, mtu atasema amefika. Kinyume chake hakifanyi kazi.

Umeme unakatika na kompyuta yangu ni ya zamani. Nisidanganywe, inawezekana?

Inawezekana kama utaifanya kazi iwe nyepesi tangu mwanzo. Umbo likitoka kwenye picha huwa na mamilioni ya pembetatu. Lipunguze kwenye Blender hadi makumi ya maelfu, kisha lihifadhi kwa mfumo wa GLB unaofunguka kwenye vivinjari vya simu. Hatua nzito ni ile ya kulinganisha picha, na Meshroom inataka kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro. Tafuteni moja kwa kikundi, hata kama iko Bujumbura, mkapeleke picha zenu kwenye diski. Kazi nyingine zote zinafanyika nyumbani. Filamu ndani ya ulimwengu huo unaweza kuirekodi kwa OBS, programu ya bure, avata wako akishika nafasi ya kamera.

Nikimaliza, nionyeshe wapi?

Kwanza hapo hapo Rumonge. Naomba nieleweke vizuri, maana wasanii wengi hukimbilia kutuma kiungo kwa watu wa nje, na wenye habari wakawa wa mwisho kuona. Chagua siku za mbalamwezi. Uvuvi wa taa hupumzika mwezi ukiwa mkubwa, na wavuvi wanakuwepo nchi kavu. Weka kompyuta na projekta ukumbini, mtu mmoja aongoze, waliokaa wamwelekeze: pinda kushoto, hapo palikuwa kwa bibi. Miwani moja au mbili inatosha kwa wanaotaka kuingia wenyewe. Wakae kwenye kiti, wasisimame, na usimsogeze mtazamaji kwa nguvu ndani ya picha. Hapo ndipo kizunguzungu kinapoanzia. Baada ya hapo peleka filamu yako kwenye matamasha. FESTICAB, tamasha la filamu la Burundi lililoanzishwa mwaka 2009 na Léonce Ngabo, mwongozaji wa filamu Gito l'ingrat, ndilo la nyumbani.

Kwa mtandaoni, jihadhari. Mozilla Hubs, ambayo walimu na wasanii wengi waliitegemea kwa sababu ilifunguka kwenye simu ya kawaida, ilifungwa na Mozilla mwaka 2024. Waliokuwa na faili zao walihamia kwingine. Ukumbi wa mtandaoni ni wa kupanga. Usiweke humo kazi ambayo huna nakala yake.

Nataka kuweka ngoma za Burundi kwenye onyesho langu. Kuna shida?

Uliza kabla. UNESCO iliingiza ngoma hiyo ya kifalme kwenye orodha ya urithi wake mwaka 2014, na mwaka 2017 amri ya Rais iliweka masharti: vikundi vijiandikishe wizarani, maonyesho yaombewe kibali, wanawake wasipige. Amri iliandikwa kwa watu wenye miili, lakini mimi nisingemshauri mtu aibahatishe kwa avata. Andika barua, subiri jibu.

Kuna fedha humu?

Kidogo, na kwa taabu. Mfano ninaoujali ni wa Lusanga, Congo, eneo la zamani la mashamba ya michikichi ya kampuni ya Lever lililoitwa Leverville. Wasanii wa kikundi cha CATPC, wenyewe wafanyakazi wa mashamba, walifinyanga sanamu, zikapimwa kwa pande tatu, zikatolewa upya kwa chokoleti na kuonyeshwa New York mwaka 2017. Fedha walizopata walinunulia ardhi. Mwaka 2022 walitoa hati za kidijitali (NFT) za sanamu ya Balot, afisa wa Kibelgiji, iliyochongwa na Wapende baada ya uasi wao wa 1931 na kumilikiwa na jumba la makumbusho la Virginia. Jumba lililalamika. Mwaka 2024 sanamu ikaazimwa na kurudi Lusanga kwa muda. Rumonge nayo inaishi kwa mawese. Bei za hati za aina hiyo zimeporomoka tangu wakati ule na siwashauri mzifuate. Fuateni swali waliloliuliza, la nani anamiliki picha ya kitu chetu.

Kwa hiyo, mwenye simu na asubuhi moja ya mawingu, nenda mwaloni kabla ya mvua kubwa za Machi na Aprili. Piga mtumbwi mmoja, ukuta mmoja. Weka nakala mbili, moja kwako na moja kwa mtu anayeishi mbali na maji.